Majaruba ya ngazi ya kabila la Wahani kule Yuanyang, China: mwezi wa pili kuna cha kuona?

MtotoWaKyela
Habari za humu wakuu. Nipo Kunming nasoma, likizo ya mwaka mpya wa Kichina nataka niende Yuanyang nikaone yale mashamba ya Wahani. Kwetu mpunga unalimwa bondeni, sasa nikiona picha za mlima mzima umejaa maji mpaka juu najiuliza wanayapandishaje. Je mwezi wa pili kuna kitu kweli na mpunga ulishavunwa? Usafiri ukoje? Na sitaki picha tu, nataka nijue watu wanavyoishi.

kaka_Mabegani
Mkuu umepatia, huo ndo msimu wenyewe. Wanavuna mwezi wa 9 na wa 10 halafu wanaacha maji shambani mpaka wapande tena kwenye wa 4 au wa 5, maana jaruba likikauka kingo zinapasuka na kuporomoka. Ndo maana asubuhi ukiwa pale pa kutazamia Duoyishu unaona anga lote limelala humo ndani, jioni nenda sehemu nyingine za kutazamia, Bada au Laohuzui. Ila ukungu wa kipindi hicho si wa kitoto, usiende kwa kulala usiku mmoja tu, unaweza kuamka ukaona nyeupe tupu. Panda treni mpaka mji wa Jianshui halafu basi, na uulize vizuri kabla hujalipa, mabasi mengine yanaishia Nansha huko chini mtoni kwenye joto, wewe unataka Xinjie juu. Vyumba wiki ya sikukuu bei inapanda sana, wahi.

Dada Neema
Mdogo wangu, maji hayapandishwi, yanashuka. Juu kabisa wameacha msitu na hawaukati, huo ndo unaoshika ukungu na mvua, chini yake vijiji, halafu mashamba, halafu mto. Wamekaa hivyo miaka kama 1,300, na UNESCO walipoingiza eneo hili kwenye urithi wa dunia mwaka 2013 waliandika hekta 16,603 kwa mpangilio huo mzima, msitu na vijiji vikiwemo, si mashamba peke yake.

Ukifika tafuta mfereji mmoja uufuate kwa miguu. Mahali unapogawanyika utakuta gogo au jiwe limelazwa ndani ya maji limechongwa mapengo, pana na jembamba, kila pengo ni fungu la maji la mashamba fulani kulingana na ukubwa wake na hakuna anayeligusa ovyo. Kuna mtu amepewa kazi ya kutunza mfereji, anazibua majani na kuziba panapovuja, na wenye mashamba wanamlipa kwa mpunga baada ya mavuno. Wachagga na mifongo yao ya kumwagilia wangeelewana na hawa watu siku ya kwanza tu. Hata samadi ya kijijini inasombwa na maji hayohayo mpaka shambani. Humo ndani wanafuga samaki na bata, wanalimia nyati, na mchele wao ni mwekundu, uombe upikiwe.

Lala kijijini, Azheke bado wana zile nyumba za udongo zenye paa la nyasi kama uyoga. Na baada ya mwaka mpya wa Kichina ndo kipindi cha Angmatu, wanatambikia msitu wa kijiji, halafu meza zinaunganishwa barabarani mstari mmoja mrefu na kila nyumba inaleta vyakula vyake. Tarehe kila kijiji na yake, muulize mwenye nyumba uliyofikia. Ukikaribishwa kaa ule, ila kwenye ule msitu wa tambiko usiingie kabisa. Na kina mama waliovaa zile nguo za rangi ya nili waombe kwanza kabla hujatoa simu, tafadhali sana.

MtotoWaKyela
Dada Neema asante sana, hiyo ya gogo nitaitafuta. Sasa mimi ni Mwislamu, chakula itakuwaje huko kijijini?

AbuuSalim_YN
Nguruwe yupo karibu kila chungu, mpaka mafuta ya kupikia, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba mapema akupikie mayai, mboga na wali kwa mafuta ya mimea kwenye sufuria safi. Njiani huna shida, Jianshui kuna migahawa ya Wahui, Waislamu wa China, angalia kibao kilichoandikwa 清真, yaani halali. Na Shadian, mji wa Waislamu wenye msikiti mkubwa, uko mkoa huohuo wa Honghe ilipo Yuanyang, ukirudi Ijumaa pitia uswali hapo.