Mrejesho: kujirekodi badala ya kusubiri kuitwa

Niliuliza hapa Unguja mtu apateje kazi za kuigiza bila kusubiri kuitwa. Ahsanteni sana, ushauri wa kujirekodi video ukiigiza kipande kifupi, kisha kuwatumia wanaotafuta waigizaji, umefaa. Simu isimamishwe kwa ubavu, picha iwe pana, lenzi iwe usawa wa macho, uso uelekee dirishani, nyuma shuka isiyo na maua. Baraza za Mji Mkongwe zinavutia, ila pikipiki na upepo wa kaskazi huua sauti. Chumba chenye godoro na mapazia hakina mwangwi mwingi. Kipande kisizidi dakika 2. Anayekusomea maneno ya mhusika mwingine akae ubavuni mwa lenzi na aseme kwa sauti ndogo: akiwa karibu na simu kuliko wewe, sauti yake huifunika yako. Kinachofuata ni filamu fupi ya dakika 10, waigizaji watatu, chumba kimoja, ya kupeleka ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar.