Nani alijaza fomu hii kabla ya kutuletea sisi wananchi?

Wakuu, natoka stesheneri sasa hivi na hasira nilizo nazo haziwezi kulala hadi kesho.

Mama yangu ana ombi lake kwenye ofisi moja ya umma. Zamani ulikuwa unakwenda dirishani, unapewa karatasi, unajaza, inapigwa muhuri. Siku hizi unaambiwa ingia kwenye mfumo. Sina ugomvi na mfumo. Ugomvi wangu ni fomu waliyoiweka humo ndani.

Kwanza inataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Tumeweka tarakimu zote 20. Inayofuata: tarehe ya kuzaliwa. Jamani, tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa yenyewe, mwaka, mwezi na siku! Haya, tujaze. Hairuhusu kuandika. Inafungua kalenda ya mwezi huu tulio nao, na kurudi nyuma ni mwezi mmoja mmoja. Mama kazaliwa 1957. Pigeni hesabu, ni zaidi ya mara 800 kubonyeza mshale. Nikabonyeza. Kabla sijafika hata miaka ya themanini ikanitoa nje, muda umekwisha, ingia upya. Nilichokwisha kujaza chote kimefutika.

Namba ya simu nayo. Nimeanza na sifuri, yakatokea maandishi mekundu juu kabisa ya ukurasa: "Invalid input". Kosa liko wapi, haisemi. Nikaweka +255, mekundu tena. Kumbe inataka 255 bila alama ya kujumlisha. Hilo kaniambia kijana wa stesheneri, si fomu. Mngeandika mfano mmoja tu juu ya kisanduku mngepungukiwa na nini? Au pokeeni namba vyovyote mtu atakavyoiandika, kompyuta ijipangie yenyewe. Kazi ya kuondoa alama moja mnamwachia bibi wa miaka karibu sabini?

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonitoa machozi ni swali la ndoa. Lina majibu matatu: hajaolewa, ameolewa, ameachika. Mjane hayumo. Tukachagua ameolewa, ikafunguka sehemu ya mume yenye nyota nyekundu, lazima namba yake ya NIDA. Baba kafariki kabla vitambulisho vya taifa havijaanza kutolewa. Hakuna pa kuandika kwamba mtu huyu hayupo duniani. Kijana akasema, "Mama, weka tu hajaolewa, ndiyo tunavyowawekea wote." Mama akanitazama. Miaka 31 kwenye ndoa, kamuuguza mumewe, kamzika, kakaa eda, leo aiambie serikali kwamba hajaolewa ili fomu ipite? Na kesho akidai haki ya mirathi, karani si atafungua mfumo na kumwambia wewe mwenyewe uliandika hukuwa na mume?

Msiniambie teknolojia ndiyo ilivyo. Mimi nilikuwa karani wa sensa 2022, nimezunguka na kishikwambi nyumba kwa nyumba. Dodoso lile lilikuwa refu, lakini lilijua kuruka. Kaya ikiwa haina mtoto mdogo, maswali ya mtoto hayakujitokeza. Ukijaza kitu kisichowezekana, kilikuonyesha hapo hapo penye kosa. Na kabla ya sensa yenyewe kulifanyika sensa ya majaribio mwaka 2021. Maana yake utaalamu upo hapa hapa nchini. Nani aliamua kwamba fomu ya kuhesabu watu ijaribiwe, ila fomu ya kuwahudumia watu hao hao isijaribiwe?

Nyota za lazima ni ugonjwa wa peke yake. Jirani yetu ana majina mawili tu. Jina la kati lina nyota, akashauriwa aweke nukta. Sasa karatasi aliyopewa ina nukta katikati ya jina lake, na kila anakokwenda anaambiwa majina hayalingani, alete hati ya kiapo. Kalipia kiapo kwa kosa la kisanduku. Waingereza kwenye huduma zao za serikali wanawashauri watengenezaji waweke kisanduku kimoja cha jina kamili, na tarehe ya kuzaliwa iandikwe kwa mkono kwenye visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka. Hakuna kitu hapo cha kuhitaji fedha za mfadhili.

Halafu Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili hata mahakama zitumie Kiswahili, nyie mnamwuliza mama wa kijijini "next of kin", badala ya kusema tu ndugu wa karibu.

Sasa sikilizeni matokeo yake, maana hapa ndipo penye hatari. Kwa kuwa hakuna anayeiweza fomu hii peke yake, mtaa mzima unajaziwa stesheneri. Kijana anatumia barua pepe yake kufungua akaunti za watu, neno la siri anatunga yeye, anaandika kwenye daftari la kaunta. Nimeliona daftari lile. Majina, namba za NIDA, namba za simu, maneno ya siri, kurasa kwa kurasa, na wateja wanaosubiri fotokopi wameliegemea. Simlaumu kijana, anawasaidia watu mlioshindwa kuwasaidia nyie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa zinazokusanywa ziendane na lengo na zilindwe. Kabila la baba wa mwombaji linaendana na lengo gani? Liliulizwa, na lina nyota.

Mwisho kabisa, kabla ya kitufe cha kutuma, kuna dodoso la maoni: "Je, umeridhika na huduma yetu bora na ya haraka?" Ndiyo au hapana. Huduma yenyewe sijaipata bado! Na je, kama ni bora lakini si ya haraka, nijibu nini? Kijana akabonyeza ndiyo bila kutuuliza, kwa sababu anasema ukiweka hapana inafunguka sehemu ya maelezo na muda unakwisha. Kwa hiyo mkisoma kwenye ripoti kwamba wananchi wameridhika, mjue mmoja wao ni mama yangu, na hakuulizwa.

Mhusika yeyote anayesoma hapa, ninachotaka ni kidogo. Chukua fomu yako, nenda stesheneri yoyote, kaa nyuma ya wazee watano wanapojaza, na usifungue mdomo. Andika kila wanapokwama. Ukirudi ofisini ongeza neno mjane, toa nyota zisizo na kazi, hifadhi majibu ya mtu hata muda ukiisha.

Ombi la mama halijapita, picha imekataliwa kwa kuwa nzito. Jumatatu tunarudi kwa yule kijana, kwa sababu neno la siri liko kwenye daftari lake.