Wakuu, ni STATIONARY au STATIONERY? Naombeni jibu la haraka

Duka_Mwanjelwa: Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, nafungua duka la madaftari, kalamu na fotokopi. Kila mtu ananiambia lake. Lipi sahihi?

Mwl_Mstaafu: Yenye E ndiyo karatasi, kalamu na bahasha, shika E ya envelope. Yenye A ni kitu kilichosimama tuli, kama lori lililozimika mlimani Kitonga. Na wenye gesti, kuanzia Uyole hadi Mafinga, "accomodation" hiyo hapana: accommodation, C mbili, M mbili.

Sisimizi: "Recieve" je? Wanaoandika hivyo wapigwe faini. Ni receive.

Fundi_Flex: Mkuu, haraka ya nini? Bango limeshachapwa?

Duka_Mwanjelwa: Limeshachapwa. Lina A. Ila mteja wa hapa anaelewa tu, haji kukagua herufi.

Fundi_Flex: Usibandike herufi moja. Bango likishapigwa jua linapauka, kiraka kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Chapisha neno zima kwenye stika, futa bango kwa spiriti, liache likauke. Bandika mchana, asubuhi ya baridi ya Mbeya gundi haishiki, kona zinanyanyuka. Anzia katikati, sukuma hewa itokee pembeni.

Wakala_ORS: Subirini kwanza. BRELA, kwa wasajili wa majina ya biashara, umesajili vipi?

Duka_Mwanjelwa: Kwa A. Na leseni pia. Ndiyo maana naona niliache tu.

Wakala_ORS: Sasa hilo ndilo ungeanza nalo! Ukirekebisha bango peke yake, ankara inasema hivi, akaunti ya benki vile, na mhasibu wa shule anagoma kulipa. Ingia ORS, mfumo wa BRELA wa mtandaoni, uombe mabadiliko ya jina, kisha TRA (watu wa kodi), leseni, benki. Muhuri chonga mwisho.

Mwl_Mstaafu: Kwa faida ya wengine: mzizi ni mmoja. Stationer alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, si mchuuzi. Chama chao cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557.

Duka_Mwanjelwa: Kumbe A yangu ina ukoo!

Mwl_Mstaafu: Ukoo inao. Usahihi haina.

Mteremko: Hakuna duka hapa. Muulizaji na Fundi_Flex ni mtu mmoja, anatafuta wateja wa stika.

Fundi_Flex: Bei nimetaja wapi?

Sisimizi: Weka picha ya bango tumalize ubishi.

Duka_Mwanjelwa: Siweki, jina la duka linaonekana. Mwalimu, LAMINATION ina M ngapi?

Mwl_Mstaafu: Moja. Usiniambie nayo imeshachapwa.