Vumbi la kuyeyusha betri limefika kwenye kamba ya nguo. Watoto wapimwe nini?

Mama Pacha, Mukuru
Wapendwa, nyuma ya ploti yetu wanayeyusha betri kuukuu za gari. Moto huwashwa usiku. Tunaamka koo likiwasha, mdomo kama umelamba msumari. Jana nimeanua shuka nyeupe, ikaniacha na weusi vidoleni kama wa penseli. Pacha wangu wana miaka mitatu. Mmoja analia tumbo kila wiki, na dawa ya minyoo nimempa mara mbili. Baba yao ni kibarua hukohuko, ndiyo maana majirani wananiambia ninyamaze. Nianzie wapi?

Fundi Kariobangi
Dada, hiyo kazi nimeifanya miaka minne. Betri tulipasua kwa shoka, asidi mtaroni, risasi, ile metali ya lead, kwenye tanuri. Vumbi lake linarudi nyumbani na ovaroli. Mzee aoge na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na hiyo ovaroli isifuliwe kwenye karai la watoto, tafadhali. Mimi niliambiwa nikiwa nimeshachelewa.

Muuguzi Eastlands
Mama, omba wapimwe risasi kwenye damu, wote wawili. Huyo asiyelia tumbo pia, kwa sababu mtoto anaweza kuonekana mzima huku ubongo unaumia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe. Kiwango salama hakuna. Piga deki kwa kitambaa kilicholowa, usifagie vumbi kavu. Wape omena, maharagwe, managu, maziwa: mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Mpwani Embakasi
Kule kwetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, ilianza hivyohivyo. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri, mwanawe akaugua, wakatibu malaria na taifodi, kumbe ni risasi. Kiwanda kilifungwa 2014, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Pigeni picha za moshi, mwandike tarehe, mpeleke barua NEMA, mamlaka ya mazingira, kama ploti nzima.

Mama Pacha, Mukuru
Asanteni sana. Ovaroli sasa inatundikwa nje, peke yake. Baba yao amekubali kuoga kwanza, ila jina lake hataki lionekane kwenye barua. Itapokewa bila yeye?

Mpwani Embakasi
Itapokewa, dada. Mazingira safi ni haki ya kila mtu, Katiba kifungu cha 42. Hata mkifika kortini, cha 70 hakikudai uonyeshe kwamba kuna aliyeumia.