Tupeane uzoefu: Wenye pikipiki za zamani, mnatengeneza wapi na kwa nani?

Ndugu zangu, ninaomba kila mwenye pikipiki ya zamani atueleze amekumbana na shida gani katika kuitengeneza na ameivuka vipi. Nitaanza mwenyewe.

Ninayo Honda XL125S ambayo marehemu baba yangu, aliyekuwa bwana shamba huko Njombe, aliinunua kwenye mnada wa serikali baada ya kuiendesha kikazi kwa miaka mingi. Injini yake haijawahi kunitisha. Kinachonitisha ni kuitoa nyumbani na kumkabidhi fundi. Mwaka jana ilianza kukohoa na kuzimika kila ilipopata moto, nami nikaipeleka kwenye gereji ya jirani, ambayo vijana wake ni hodari kweli kwa Boxer na TVS. Kijana aliyeipokea aliondoa vifuniko vya pembeni, akachungulia chini ya tangi, akafuata nyaya kwa kidole hadi mwisho wake, kisha akanigeukia kwa huruma na kuniambia kwamba CDI, kile kisanduku cha kielektroniki kinachoamuru cheche za plagi, imeibwa. Nilimweleza kwamba haikuibwa na mtu, kwamba pikipiki hii haikuzaliwa nayo, na kwamba cheche zake hutokana na platini zinazofunguka na kujifunga injini inapozunguka. Hakuamini. Alikuwa tayari kunifungia CDI na koili ya volti 12, ilhali mfumo mzima wa umeme wa pikipiki yangu ni wa volti 6.

Niliishia kwa mzee mmoja aliyestaafu katika karakana ya serikali. Alizisugua platini kwa msasa laini, akazifuta kwa karatasi iliyochovywa petroli, kisha akatafuta fila ya kupimia mwanya na asiione. Akamtuma mjukuu wake dukani kununua nyembe. Unene wa wembe mmoja ni takribani milimita 0.1, kwa hiyo alibana nyembe tatu pamoja, akazipitisha katikati ya platini na kukaza skurubu, na mwanya ukawa 0.3, ambao ni ndani ya kile kinachotakiwa, yaani kati ya 0.3 na 0.4. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili. Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa, lakini kumpata mzee huyo kulinigharimu majuma matatu, na tatizo ni kwamba hana mwanafunzi hata mmoja.

Mchangiaji kutoka Unguja:

Kwetu skuta yoyote huitwa vespa, hata iliyotoka Japani juzi, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza, maana kila fundi anadhani anaijua. Yangu ni Vespa kweli, PX150, ambayo injini yake haina oili ya kulainisha pistoni isipokuwa ile inayochanganywa na petroli kwa kiasi cha asilimia 2. Niliipeleka kwa fundi kwa ajili ya klachi tu. Alipomaliza aliona petroli ni kidogo, akaongeza lita mbili tupu kwa nia njema, akaenda kuijaribu barabarani. Ikajamu kabla hajarudi, na silinda tulipoifungua ilikuwa na michirizi kama iliyoparwa na paka.

Silinda ilichongwa, pistoni ya saizi kubwa zaidi ikapatikana, na hapo nikajifunza jambo la pili: nikikosa kipuri cha Piaggio huulizia cha LML, kampuni ya India iliyokuwa ikiziunda skuta za aina hii kwa ushirikiano na Piaggio, na vingi huingia bila kulazimishwa. Siku hizi siendi gereji bila chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa petroli ambayo nimekwisha kuichanganya na mililita 30 za oili. Humkabidhi fundi mkononi na kumwomba asiongeze kitu kingine chochote.

Mchangiaji kutoka Thika:

Mimi sina malalamiko mengi kuhusu vipuri, ila nilichelewa sana kujua namna ya kuviulizia. Nina Honda CG125, ambayo Honda iliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa, wakatumia vijiti vya kusukuma valvu badala ya cheni ya ndani ya injini. Baadaye Wachina waliiga injini hiyo, na ndiyo maana bodaboda nyingi mnazoziona barabarani zina matumbo yaleyale chini ya jina jingine.

Nilipohitaji pistoni nilikwenda Nairobi, barabara ya Kirinyaga, na katika maduka manne nikauliza pistoni ya CG ya zamani, nikajibiwa kwamba hiyo ilikwisha siku nyingi. Katika duka la tano nilichoka kuuliza, nikaifungua ile mbovu kutoka kwenye gazeti na kuiweka juu ya kaunta bila kutaja jina. Mwenye duka aliipima kwa kipimo cha vernia, akasoma milimita 56.5, akageuka nyuma yake na kushusha boksi lenye jina la pikipiki ya Kichina. Tulilinganisha kipenyo cha pini na urefu wa kichwa, vikalingana. Ninaitumia hadi leo. Kwa hiyo, ndugu, beba kitu chenyewe.

Mchangiaji kutoka Morogoro, fundi:

Naomba niwasemee mafundi, kwa kuwa mmetusema sana. Bodaboda ikija kubadilishwa cheni na spoketi, ninaimaliza upesi na mwenyewe analipa akiwa amesimama. Pikipiki ya zamani ikija, hukaa siku tatu ikiwa imefunguliwa huku mwenyewe akitafuta gasketi, inakula nafasi ya pikipiki nne, na boliti yenye kutu ikikatikia ndani ya injini, lawama ni yangu ingawa kutu niliikuta.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Skurubu za pikipiki za Kijapani za miaka ile zina kichwa cha msalaba kinachofanana na cha bisibisi ya kawaida ya nyota, lakini havioani sawasawa. Ncha haifiki chini, hivyo bisibisi huruka na kukila kichwa. Mimi hulowesha skurubu kwa dizeli usiku kucha, kisha hutumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Mteja anayeniona nikipiga injini yake nyundo hunifokea, na mmoja aliwahi kuiburuta pikipiki yake akaondoka. Tangu hapo hukubaliana na mtu malipo ya ufundi kwa siku, mbali na bei ya vipuri, na asiyekubali namwacha aende salama.

Mchangiaji kutoka Sumbawanga:

Yamaha AG100 yangu ilikuwa ya misheni. Ina kava linalofunika cheni yote ili tope lisiingie, na hiyo ndiyo sababu cheni yake ilidumu miaka bila kuguswa. Fundi wa mwisho alilitoa kava hilo kwa sababu, alisema, linamchelewesha, na nilipolifuata siku ya pili lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa uzito pamoja na vyuma chakavu. Cheni mpya haikumaliza masika. Tangu hapo pikipiki imeegeshwa, na sioni aibu kusema kwamba nimeshindwa.

Mwanzisha mada:

Nimewasoma wote, na fundi wa Morogoro amenifanya nimwone yule kijana kwa jicho jingine. Jumamosi nilimlipa mshahara wa siku nzima ili twende naye kwa mzee. Mzee alizikoroga platini makusudi, akamwachia azipange upya, na zoezi hilo likarudiwa mara tatu, kijana akipiga picha kila hatua kwa simu yake. Mara ya tatu pikipiki iliwaka. Kijana aliuliza swali moja tu, kama nyembe zilizokwisha kunyolea ndevu zinafaa, na mzee akamjibu kwamba anunue mpya.