Ushauri: benki ya jimbo Texas, kwa mkopo wa mteja mmoja tufuate kikomo cha 25% au 15%?

Karani_wa_Houston
Wakuu, habari za leo. Nashughulikia uzingatiaji wa sheria kwenye benki ndogo yenye leseni ya jimbo la Texas. Tuna bima ya FDIC (shirika la shirikisho la bima ya amana), si wanachama wa Federal Reserve, benki kuu ya Marekani. Kampuni ya malori inaomba dola milioni 8.5, dhamana ni yadi na malori yenyewe. Mtaji mkuu (Tier 1) ni milioni 36. Ukijumlisha Tier 2 (mtaji wa nyongeza) na tengo la hasara ya mikopo (fedha zilizowekwa kando kwa mikopo isiyolipika) lililobaki nje yake, inafika milioni 40.

Texas inaruhusu kumkopesha mteja mmoja hadi 25% ya mtaji mkuu. Sheria ya shirikisho inasema 15%, na 10% ya ziada. Meneja wa mikopo anadai kwa kuwa Texas inazipa benki zake usawa wa haki na benki za taifa (zenye leseni ya serikali ya shirikisho), tuchukue 25% ya jimbo na juu yake tubandike ile 10%. Inakubalika?

MizaniaSafi
Hapana, msichanganye. Kwa mkopo wa kawaida, benki ya jimbo inafuata kikomo cha jimbo lake. 25% ya milioni 36 ni milioni 9, kwa hiyo 8.5 inapita bila hata kugusa suala la usawa. (Waliofanya kazi benki za Kenya wataizoea hesabu hii, kule pia ni 25% ya mtaji mkuu.)

Usawa umo kwenye katiba ya Texas, ibara ya 16, kifungu cha 16. Utaratibu wake ni barua kwa kamishna wa benki inayoeleza kinagaubaga mnachotaka kufanya, kisha mnasubiri siku 30. Lakini ukiazima haki ya benki ya taifa, unaibeba na masharti yake yote. Msingi wa hesabu unakuwa milioni 40: 15% ni milioni 6, na 10% ni milioni 4. Hiyo milioni 4 ni kwa dhamana inayouzika sokoni upesi kwa bei inayojulikana, kama hati fungani, hisa za soko la mitaji au dhahabu ya vipande. Tena lazima ifunike sehemu hiyo ya ziada kwa 100% muda wote. Thamani ikishuka mna siku 30 za kurekebisha. Lori na yadi havimo. Kwa njia ya meneja wenu mngeishia milioni 6, yaani angewapunguzia huku akidhani anawaongezea.

BintiUkaguzi
Mkuu Karani, kampuni hiyo ni ya nani? Hujasema.

Karani_wa_Houston
Mjumbe mmoja wa bodi yetu ana hisa 12% na ni mkurugenzi kule pia. Ana mkopo mwingine kwetu, dola 400,000.

BintiUkaguzi
Basi ile milioni 9 isahauni. Mkurugenzi wa kampuni mwenye zaidi ya 10% ya hisa za kura anachukuliwa kuwa anaidhibiti, hata kama hisa zake hazifiki 25%. Kwa hiyo kampuni ni maslahi ya mtu wa ndani, na hapo inaingia Kanuni O ya Federal Reserve, inayosimamia mikopo ya benki kwa watu wake wa ndani kama wajumbe wa bodi. Kutokuwa wanachama hakuwaokoi, kwani sheria ya FDIC imeisambaza kwa kila benki yenye bima.

Kanuni O inatumia kikomo cha shirikisho. Kikomo cha jimbo kinahesabika pale tu kinapokuwa kidogo zaidi. Mnarudi kwenye milioni 6, na humo mnajumlisha madeni yote ya mjumbe pamoja na kampuni zake. Ukitoa zile 400,000, nafasi iliyobaki ni milioni 5.6.

Mikopo yake na ya kampuni zake ikizidi dola 500,000 kwa jumla, bodi lazima iidhinishe kabla ya kutoa fedha, kwa kura za zaidi ya nusu ya wajumbe wote, si wa waliohudhuria tu. Yeye asipige kura wala asishiriki mjadala. Kumbukumbu za kikao zionyeshe alitoka chumbani saa ngapi na kurudi saa ngapi, mkaguzi ataanzia hapo. Riba na dhamana visiwe nafuu kuliko anavyopewa mteja wa mitaani.

MizaniaSafi
Naunga mkono, na hilo la umiliki ningeliuliza mwanzo. Njia iliyobaki ni kuuza sehemu ya mkopo kwa benki nyingine: angalau milioni 2.9, mimi ningeuza 3.2 ili ibaki nafasi ya kupumua. Mkataba usainiwe kabla ya fedha kutoka, benki nyingine isiwe na haki ya kuwadai nyinyi mkopaji akishindwa, na hasara igawanywe kwa uwiano wa fungu la kila mmoja. Wengi wanaharibu kwa kumwahidi mnunuzi kwamba atalipwa yeye kwanza. Mkopaji akishindwa na mnunuzi bado yuko mbele yenu, fungu alilonunua linarudi kuhesabiwa kwenu lote.

BintiUkaguzi
Na kama riba inaelea na mteja anataka swopu ya riba (mkataba wa kubadilishana riba inayoelea na isiyobadilika), ongezeni hatari yake kwenye hesabu. Tangu Januari 2013, chini ya Dodd-Frank, sheria ya Marekani ya mageuzi ya sekta ya fedha, benki ya jimbo yenye bima hairuhusiwi kufanya miamala ya namna hiyo isipokuwa sheria ya kikomo ya jimbo lake inaizingatia hatari hiyo.

Karani_wa_Houston
Hakuna swopu, riba haibadiliki. Napeleka kwa meneja hesabu ya 5.6 leo hii, na karatasi ya umiliki juu yake.