Ipyana na parachichi (kikundi cha "Wajukuu wa Bibi Tukuyu")

Mama Ipyana: 📹 Shikamooni wakubwa. Mtazameni mjukuu wenu. Parachichi lake la kwanza, anakula mwenyewe, sijamshika mkono. Nusu liko kichwani.

Lusajo Uyole: Shemeji, huyo anakula au anapakwa dawa ya nywele? 😂

Bibi: Marahaba. Naandika mimi Gwakisa. Bibi anauliza mtoto wa miezi 6 anapewa pande lote hilo kwani kijiko kimepotea?

Mama Ipyana: Kijiko kipo, Mama, na uji anakunywa asubuhi na jioni. Ila kwa kijiko ni vita, anafunga mdomo na kugeuza shingo. Mchana nimeamua akae nasi mkekani, ashike chakula, apeleke mdomoni mwenyewe. Niliisoma njia hii, aliyeieneza ni Gill Rapley wa Uingereza.

Bibi: Anasema ndiyo hayo, mambo ya wazungu. Mtoto atakabwa.

Baba Ipyana: Mimi niko upande wa Mama. Jana kakohoa, uso mwekundu, machozi yanamtoka, halafu kakitema kipande na kukiokota tena. Mimi nilishashika funguo za pikipiki.

Dada Atu Iringa: Nimetoka zamu ya usiku ndiyo naona. Kaka, huko si kukabwa. Mtoto wa umri huo sehemu inayomtapisha iko mbele kwenye ulimi kuliko yetu, kwa hiyo anatema kabla chakula hakijafika mbali. Akikohoa kwa kelele, muache, anajitetea. Uogope akiwa kimya: hakohoi, halii, midomo inageuka rangi. Hapo mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kiwe chini ya kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua mara 5. Rudia, na mwingine atafute usafiri. Na msipapase kooni kwa kidole, mtakisukuma ndani.

Baba Ipyana: Hiyo ibandikwe juu kabisa ya kikundi.

Lusajo Uyole: Na wangu? Ana miezi 4 na kila nikila ugali ananikodolea macho.

Dada Atu Iringa: Akukodolee tu. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Na hata ikifika, awe anakaa bila kuyumba, shingo imara, ulimi usiwe unasukuma kila kitu nje.

Mama Ipyana: Nakata kama urefu wa kidole changu, maana anakamata kwa ngumi nzima, anakula kile kinachochungulia juu. Parachichi linateleza, nimeliosha nikaacha ganda upande mmoja, anashikia hapo. Kiazi nachemsha mpaka kibondeke kwa vidole viwili. Karoti nilimpa mbichi, wifi akanifuata pembeni kunigombeza.

Dada Atu Iringa: Nilikugombeza na nitakugombeza tena 😅 Karoti mbichi na karanga nzima ni za kukabwa kweli. Jingine: parachichi na kiazi havitoshi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua sasa, na maziwa yana kidogo. Mpe maini, nyama iliyoiva ikachambuka, maharage ya kuponda. Na uji usiuache, wiki hizi za mwanzo anachezea kuliko anavyomeza.

Bibi: Bibi ametuma chupa ya asali na gari la saa 4. Mmpakie kwenye ndizi aipende.

Dada Atu Iringa: Mama, shikamoo. Asali bado, mpaka atimize mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu, la mchanga halivimudu, na sumu yake inalegeza misuli hata ya kupumulia. Kwenye uji pia hapana, kuchemsha hakuviui.

Bibi: Nyie wote mlilambishwa.

Dada Atu Iringa: Ndiyo, Mama. Na mimi watoto wangu sikuwalambisha.

Baba Ipyana: Asali naipokea mimi, msigombane.

Lusajo Uyole: Mama, samahani. Si wewe uliyetuambia Kaka alikuwa anaguguna gimbi jamvini huku unachambua maharage? Mzungu gani alikuja Tukuyu kukufundisha?

Lusajo Uyole: Mama?

Bibi: Gwakisa hapa. Bibi anacheka mpaka kakaa chini. Anasema lile gimbi lilikuwa jikoni tangu alfajiri, laini kama siagi, na yeye hakuinuka jamvini mpaka liishe. Maji alikwenda kuchota mwingine.

Dada Atu Iringa: Basi nanyi msiinuke mtoto anapokula. Lusajo, nakuona.

Bibi: Kwenye gari kuna kiroba cha magimbi pia. Hayo ni ya mtoto.

Mama Ipyana: Ndaga fijo, Mama 🙏

Baba Ipyana: Dada, parachichi likiingia sikioni linatokaje?

Dada Atu Iringa: Kitambaa na maji ya vuguvugu, kwa nje tu. Vijiti vya pamba weka mbali.